Mtunzi Aliyefichwa: Maadili na Hisia katika Historia ya Michezo ya Televisheni

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuwaachia wataalamu wa habari kazi ya kujadili michezo ya televisheni, kana kwamba hapo hamna la kuhakikiwa. Mazoea hayo yana kasoro. Michezo hiyo, tangu ile ya chemsha bongo hadi hii inayoitwa ya uhalisia, ina wahusika, ina msuko, ina maleba na taharuki. Kitu pekee isichokiri kuwa nacho ni mtunzi. Makala haya yanashikilia kwamba suala la maadili ya michezo hii limo katika kufichwa huko kwa mtunzi, na kwamba sheria, kwa muda mrefu, ililitafuta mahali pengine. Ushahidi wetu mwingi unatoka Marekani ya miaka ya hamsini, ambako burudani hii ilistawi na pia kupata fedheha yake kubwa ya kwanza.

Mashindano ya maarifa mbele ya hadhira si jambo geni katika fasihi simulizi. Katika utegaji wa vitendawili, anayeshindwa huambiwa atoe mji, naye hutaja Mombasa au Lamu, na mtegaji akajifanya amefika huko na kula karamu. Aliyeshindwa huchekwa, lakini mji alioutoa hakuwa nao, na asubuhi bado ni wetu sote. Kila aliyeketi barazani anajua nani anatega na kwa kanuni zipi. Tofauti hii itatufaa huko mbele.

Mnamo Juni 1955 kituo cha CBS kilianza kurusha kipindi cha The $64,000 Question, kwa udhamini wa kampuni ya vipodozi ya Revlon. Katika muda mfupi kikawa miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa zaidi nchini humo, na wapinzani wakaiga. NBC ilianzisha Twenty-One mnamo Septemba 1956, kikitayarishwa na Dan Enright na Jack Barry na kudhaminiwa na watengenezaji wa Geritol, dawa ya kuongeza nguvu mwilini. Tukio la usiku wa kwanza wa Twenty-One linastahili kuzingatiwa. Usiku ule mchezo ulichezwa kwa haki. Washindani walishindwa kujibu swali baada ya swali, kipindi kikadorora, na mdhamini akawaka. Kuanzia hapo Enright aliamua kwamba hakuna kitakachoachiwa bahati. Kwa maneno mengine, alipewa uhalisia akauona hauna msuko, naye akautungia.

Mhusika wake mkuu wa kwanza alikuwa Herbert Stempel, mwanafunzi wa City College ya New York aliyewahi kuwa askari. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na pengine angeshinda maswali mengi bila kusaidiwa. Enright hakumtaka kama alivyo. Alimvisha suti isiyomkaa vizuri, akamnyoa nywele kijeshi, akampa saa ya bei rahisi iliyotoa mlio. Barry alipaswa kuitwa “Bwana Barry” na Stempel, ilhali washindani wengine walimwita Jack. Ndani ya kibanda cha kioo Stempel alifuata maelekezo ya jukwaani yaliyopangwa kwa ukamilifu ambao waandishi wengi wa tamthilia hawaufikii: wapi aume mdomo, wapi asite, na jinsi ya kupangusa jasho kwa kuligusagusa na leso. Mtazamaji alidhani anamwona maskini mwerevu akipambana na akili yake mwenyewe. Kumbe alikuwa akitazama mhusika bapa, aliyeumbwa ili hadhira imheshimu bila kumpenda, na hatimaye itamani aondoke.

Kuondoka kwake kulipangwa kufanyika tarehe 5 Desemba 1956. Stempel aliagizwa akosee swali lililouliza ni filamu gani ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu ni Marty, filamu aliyoipenda na aliyoitazama mara tatu. Akajibu On the Waterfront, iliyotwaa tuzo ya mwaka uliotangulia. Mhakiki hawezi kupita hapa bila kusimama. Marty ni hadithi ya mchinja nyama wa Bronx, mtu wa kawaida asiye na sura ya kuvutia, ambaye jamaa zake wanamdharau na ambaye hatimaye anathubutu kupenda. Enright alikuwa amemvisha Stempel umbo la mtu wa namna hiyohiyo, kisha akamlazimisha, mbele ya taifa zima, ajifanye hajui kwamba hadithi ya mtu kama huyo iliwahi kushinda. Hatuna sababu ya kudhani kwamba mtayarishaji alikikusudia kinaya hicho. Kinaya kikali aghalabu hujitunga chenyewe.

Aliyemshinda alikuwa mwenzetu wa taaluma. Charles Van Doren alikuwa mhadhiri kijana wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwana wa Mark Van Doren, mshairi na mhakiki aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1940. Alikuwa mrefu, mtanashati, mpole wa usemi. Naye pia alipewa maswali na majibu mapema. Tofauti ni kwamba umbo aliloumbiwa lilimfaa, na pengine ndiyo sababu alikawia kuligundua kuwa ni maleba. Alijipatia dola 129,000, na mnamo Februari 1957 picha yake ikatokea kwenye jalada la gazeti la Time. Mwezi uliofuata aliondolewa kwa kushindwa, nako kukiwa kumepangwa, kisha NBC ikamwajiri.

Ukweli ulifichuka kidogo kidogo. Agosti 1958 mchezo mwingine, Dotto, ulifutwa ghafla baada ya mshindani aliyekuwa akingoja zamu yake kuliona daftari la mwenzake lenye majibu. Uchunguzi wa mahakama ulifuata huko New York, ambako mashahidi wengi walidanganya chini ya kiapo. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri yote mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi. Alipoteza kazi yake Columbia na ile ya NBC. Stempel, ambaye alikuwa ameusema ukweli huo mapema akapuuzwa kwa kuonekana ana wivu, hakupata sifa nyingi. Hadhira ilikwisha kufundishwa kutomwamini. Uumbaji wa mhusika ulikuwa umeendelea kufanya kazi nje ya jukwaa. Aristotle alipozungumzia huruma na hofu katika tanzia alikuwa na mwigizaji anayevua kinyago mchezo ukiisha. Stempel alirudi nyumbani na uso ule ule.

Wachunguzi waligundua kwamba kuupanga mchezo wenyewe hakukuwa kosa kisheria. Waliohukumiwa, akiwemo Van Doren, walikiri kosa la kiapo cha uongo. Bunge la Marekani likarekebisha Sheria ya Mawasiliano mnamo Septemba 1960, na kupiga marufuku upangaji wa mashindano ya maarifa, ustadi au bahati kwa nia ya kuuhadaa umma unaosikiliza au kutazama. Aliyehesabiwa kudhulumiwa hapa ni mtazamaji. Aliyetumiwa kujenga hadaa hiyo hakutajwa kama mtu mwenye haki ya kulindwa.

Upungufu huo unaonekana wazi zaidi tukiangalia kipindi ambacho hakikuvunja sheria yoyote. Queen for a Day kilianza redioni mwaka 1945 na kurushwa kwenye televisheni ya taifa zima kuanzia 1956 hadi 1964, kikiongozwa na Jack Bailey. Wanawake walisimama mmoja mmoja kueleza dhiki zao: mume aliyelemaa, mtoto mgonjwa, nyumba iliyoungua. Hadhira ilipiga makofi, mita ikapima sauti, na mwenye dhiki iliyopigiwa makofi mengi zaidi akavikwa taji na joho la mahameli nyekundu, akapewa alichoomba pamoja na bidhaa za watangazaji. Waliobaki walirudi wakiwa wamepimwa, na uchungu wao umeonekana haukutosha. Howard Blake, mmoja wa watayarishaji, baadaye aliandika kwamba wahitaji zaidi ndio walioachwa: aliyechaguliwa alipaswa kuomba kitu kinachoweza kutangazwa kibiashara, na sababu ya kukiomba iwe hadithi nzuri. Vigezo hivi ni vya mhariri wa hadithi. Machozi yalikuwa ya kweli, kwa hiyo sheria ya 1960 isingekuwa na la kusema.

Strike It Rich, kilichoendeshwa kwa namna inayokaribiana na hiyo, kilifikia hatua ambapo mwaka 1954 kamishna wa ustawi wa jamii wa jiji la New York, Henry McCarthy, alilalamika kwamba maskini walikuwa wakisafiri hadi mjini wakitarajia kuchaguliwa, kisha wakaishia kutegemea misaada ya jiji.

Big Brother, kilichoanza Uholanzi mnamo Septemba 1999, kiliunganisha njia hizi mbili: ushindani wa Twenty-One na uchungu wa Queen for a Day. Jina lake lilichukuliwa kutoka riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949. Toleo la Afrika la mwaka 2003 liliwaweka pamoja washiriki 12 kutoka nchi 12, Kenya na Tanzania zikiwamo. Mjadala uliozuka barani ulihusu uchi na bafu, na Bunge la Malawi likapiga kura kipindi kisirushwe. Mhariri, yule anayeamua ni saa ipi kati ya saa ishirini na nne iwe ndiyo tabia ya mtu, hakuzungumziwa sana. Katika baraza la vitendawili mtegaji huketi mbele yetu. Hapa ameketi chumba cha pili.

Sheria ilianza kumgeukia mshiriki kwa kuchelewa. Nchini Uingereza, kanuni za Ofcom za kulinda ustawi wa washiriki zilianza kutumika Aprili 2021. Hukumu inayotuhusu zaidi kama wahakiki, hata hivyo, ni ya Ufaransa. Washiriki wa L'Île de la tentation, mchezo uliowatenganisha wapenzi kisiwani ili kuupima uaminifu wao, walidai kwamba walikuwa waajiriwa. Watayarishaji walijitetea kwamba watu hao hawakuigiza chochote. Waliishi tu, na kamera ikatazama. Mahakama ya mwisho ya rufani ilikataa hoja hiyo tarehe 3 Juni 2009. Ilieleza kwamba washiriki walilazimika kushiriki shughuli zilizopangwa, walielekezwa namna ya kuuchanganua mwenendo wao, hawakuruhusiwa kuwasiliana na ulimwengu wa nje, saa zao za kulala na kuamka ziliwekwa na kampuni, na baadhi ya matukio yalirudiwa ili nyakati muhimu zionekane vyema.