Kupanga duka au sehemu ya kazi unapolea mtoto mdogo

Akina mama wengi wanaokuja kliniki hapa Kwa Sadala hawana siku ya kukaa nyumbani. Mtoto akifikisha miezi miwili au mitatu, mama anarudi kwenye fremu yake, saluni, cherehani, meza ya ndizi sokoni au kibanda cha mama lishe, na mtoto anakwenda naye. Hilo si kosa. Mtoto akiwa karibu ananyonya vizuri, na mama anamwona. Shida ni kwamba sehemu nyingi za biashara zimepangwa kwa ajili ya mteja na bidhaa tu. Hakuna aliyepima mtoto atalala wapi na mama atakaa wapi akinyonyesha.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga sehemu ya kazi ili iwe salama kwako na kwa mtoto, kwa vitu ambavyo fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza. Yanakuhusu hata kama si mama mzazi: bibi, shangazi au dada wa kazi anayeshinda na mtoto dukani.

Kwa nini mpangilio wa duka ni jambo la afya?

Ajali nyingi za watoto wadogo nilizokutana nazo dukani zilianza na kitu kuwekwa mahali pasipofaa. Nakumbuka mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeletwa akikohoa na kunuka mafuta ya taa. Mama alikuwa amegeuka kumpimia mteja sukari. Mafuta yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya kaunta, sehemu ileile ambayo mtoto huchezea kila siku. Mtoto alilazwa, akapona. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake, na kaunta yake ilikuwa na sehemu moja tu ya kuweka vitu: chini.

Ndiyo maana kumwambia mama "kuwa makini" hakutoshi. Mtu anayehudumia wateja hawezi kumtazama mtoto kila dakika. Duka lenyewe lazima limsaidie.

Anza kwa kugawa fremu yako

Tuchukue fremu ndogo ya mita 3 kwa mita 3. Igawe katika sehemu tatu:

- Mbele: sehemu ya mteja. Kaunta iwe hapa, na mlango usizibwe na magunia wala kreti. Moto ukitokea, unapaswa kutoka na mtoto bila kuruka kitu.
- Katikati: sehemu yako ya kufanyia kazi. Mizani, daftari na vitu vinavyouzwa sana viwe kati ya kiuno na bega lako, usiiname wala kupanda juu mara kwa mara.
- Kona ya nyuma, mbali na mlango na jiko: sehemu ya mtoto. Ukisimama kwenye kaunta, ukigeuza kichwa tu unapaswa kumwona. Kama huwezi kumwona bila kutembea, hamisha kona hiyo.

Soko letu liko kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha. Kama fremu yako inatazama barabara, weka kigeti cha mbao mlangoni. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kufika barabarani kabla hujamaliza kurudisha chenji.

Kizimba cha mtoto

Usimlaze mtoto juu ya kaunta, meza au magunia, hata kama bado hajajua kujigeuza. Siku atakayojigeuza kwa mara ya kwanza haitatangazwa. Mwombe fundi akutengenezee kizimba, na mpe vipimo hivi:

- Urefu wa kwenda juu usipungue sentimita 60 kutoka sakafu ya kizimba.
- Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili kichwa kisipite na kunasa.
- Fito zisimame wima. Fito za kulala mtoto huzifanya ngazi.
- Mbao zipigwe msasa vizuri, na misumari isitokeze.
- Godoro liwe gumu na lienee kizimba chote. Mtoto mchanga alale chali, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso.

Kizimba ni cha kumweka mtoto salama kwa muda mfupi unapohudumia, si cha kushinda humo. Mtoto anahitaji kubebwa, kuongeleshwa na kutambaa.

Sehemu ya kunyonyeshea

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama wengi hukatiza mapema, na wanapoulizwa husema maziwa yamepungua. Mara nyingi ukweli ni kwamba hakuna mahali pa kukaa, wateja wanamtazama, hivyo anamnyonyesha haraka haraka au anampa uji. Mtoto asiponyonya vya kutosha, maziwa nayo hupungua kweli.

Unachohitaji si kikubwa:

- Kiti chenye mgongo, siyo kreti ya soda. Mgongo wako ukiegemea, mtoto hukamata titi vizuri.
- Kigoda kidogo cha kuwekea miguu, ili magoti yainuke na mikono isichoke.
- Kamba na khanga au pazia, ili upate faragha bila kufunga duka.
- Ndoo yenye bomba na sabuni ya kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto, hasa kama umeshika pesa, nyama mbichi au dawa za kilimo.

Kama unamwacha mtoto nyumbani, unaweza kukamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kiweke mahali penye ubaridi, na maziwa yatumike ndani ya saa 4 tangu ulipoyakamua. Fremu ya bati au kontena hupata joto kali mchana, hivyo huko usiyaache kabisa bila boksi lenye barafu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.

Jiko na hewa

Mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka kutoka mlimani, na wengi huingiza jiko la mkaa dukani ili mtoto apate joto. Wengine husubiri mkaa uwake vizuri, moshi uishe, ndipo waliingize wakidhani sasa ni salama. Si salama. Mkaa uliowaka bila moshi bado unatoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inaweza kuua watu waliofunga mlango na kulala.

Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mvalishe mtoto nguo za kutosha, soksi na kofia, na mbebe mgongoni.

Kama unapika kwa ajili ya biashara, jiko liwe nje au chini ya paa lililo wazi pande mbili, ili upepo upite. Liinue juu ya meza ya matofali, isiwe rahisi mtoto kulifikia. Zungushia uzio mdogo. Mishikio ya sufuria na kikaango itazame ukutani. Chupa ya chai na ndoo ya maji ya moto visiwe chini.

Ndoo ya maji baridi pia ifunikwe. Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kutumbukia kichwa na kuzama kwenye maji machache tu.

Rafu, sumu na vitu vidogo

Panga rafu kwa kanuni hii: kizito chini, chenye sumu juu na kwa kufuli. Magunia na madumu ya mafuta ya kula yawe chini ili yasimwangukie mtu. Rafu ifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto huning'inia ili asimame.

Vitu hivi viwe juu ya usawa wa kichwa chako, kwenye kabati linalofungwa: mafuta ya taa, dawa za kuua wadudu na panya, dawa za kilimo, jiki na dawa za kusafishia vyoo, dawa za kulainisha nywele, na vidonge vyako mwenyewe. Usihamishie hata kimoja kwenye chupa ya soda au maji. Dawa za kilimo zisikae rafu moja na unga, chumvi au sukari.

Kwa fundi cherehani: weka sindano na pini kwenye kopo lenye mfuniko, na zuia mtoto asifike kwenye pedali na gurudumu, ambavyo hukata vidole. Kwa duka la vifaa: betri ndogo bapa za saa na rimoti ni hatari sana, kwani zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi. Sarafu, misumari, karanga na pipi ngumu humkaba mtoto wa chini ya miaka 3.

Na mwili wako, mama?

Maumivu ya mgongo baada ya kujifungua mara nyingi huzidishwa na kaunta au kiti kisicho na kimo chako.

- Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafu hadi kiwiko. Kaunta ya kupimia na kufungia bidhaa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hivi. Meza ya kukandia unga iwe chini kidogo zaidi, kwa sababu unakandamiza kwa uzito wa mwili.
- Weka kiti kirefu nyuma ya kaunta, ukae wakati hakuna mteja. Mjamzito asisimame siku nzima.
- Usinyanyue gunia. Gawa mzigo, au mwombe kijana wa mkokoteni alifikishe hadi kwenye rafu.
- Kwenye saluni, fungua dirisha na mlango unapotumia dawa za nywele, na vaa glavu.

Kama umeajiriwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Inamtaka pia mwajiri amruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Mjamzito au anayenyonyesha haruhusiwi kupewa kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kenya imekwenda mbele kidogo: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea.

Ongea na mwajiri wako mapema, kabla hujajifungua. Mwonyeshe kona unayoifikiria. Kiti kimoja na pazia si gharama kubwa.

Ajali ikitokea

- Ameungua: mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Usipasue malengelenge.
- Amekunywa mafuta ya taa au sumu: usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Nenda hospitali na chupa aliyonywea.
- Dawa ya kilimo imemmwagikia: vaa glavu kama zipo, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali.
- Moshi au jiko la mkaa: mkiumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, tokeni nje mara moja, kisha nendeni hospitali hata kama mnajisikia nafuu.
- Amemeza betri: nenda hospitali papo hapo, hata kama mtoto anacheza kama kawaida.

Usisubiri mpaka ufunge duka. Mwachie jirani funguo.

Anza leo na mambo matatu

Si lazima upange upya duka zima kwa siku moja. Leo, kabla ya kufunga:

1. Piga magoti, utazame duka kwa kimo cha mtoto. Kila unachoweza kushika ukiwa hapo, naye anaweza.
2. Pandisha juu mafuta ya taa na sumu zote, na utupe chupa za soda ulizokuwa unatumia kuzihifadhia.
3. Chagua kona ya kiti chako na ya mtoto, hata kama fundi atakuja mwezi ujao.

Ukija kliniki, mwambie muuguzi unafanya kazi gani na mtoto anashinda wapi. Unaweza pia kumwomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chako apitie dukani mtazame pamoja. Ni kazi yetu, na tukifika kabla ya ajali inakuwa nyepesi kwetu sote.