Deni la Mono

Katika shule nyingi za bweni nchini Kenya, na za Kitui na Makueni zimo, mwanafunzi mgeni hupoteza jina lake siku ya kwanza. Huitwa mono. Mono huamriwa azime taa ya umeme kwa kuipuliza, apime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, ampigie mamake simu kwa kiatu. Hayo ndiyo ya kuchekesha. Baadaye huja soksi za kufua za watu asiowajua, sukari inayotoka sandukuni mwake bila idhini, makofi taa zikishazimwa, na usingizi unaokatizwa usiku wa manane. Wanaoyatetea mambo haya, hasa waliosoma zamani wakafaulu, wana jibu lenye sura ya hekima: hilo ndilo jando la siku hizi. Wakamba, watakwambia, hawakumwingiza mtoto katika utu uzima kwa kumbembeleza. Shule imeirithi nzaiko, yaani jando lao, na anayelalamika ameisahau mila. Dai hili linastahili kujibiwa kwa historia, kwa sababu historia ndiyo linayojifunika. Uonevu wa bwenini una asili nyingine kabisa, na nzaiko, tukiitazama kwa makini, ni shahidi mkali dhidi yake.

Habari za nzaiko tunazipata kwa urefu kwa Gerhard Lindblom, Mswidi ambaye kitabu chake juu ya Wakamba kilichapishwa mwaka 1920, na kwa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Ilikuwa na hatua. Nzaiko nini, ile ndogo, ndiyo ya kisu, na watoto waliipitia wakiwa wadogo sana. Nzaiko nene, ile kubwa, ilikuja miaka kadhaa baadaye, na uzito wake ulikuwa katika mafunzo. Vijana walitengwa kwenye vibanda mbali na makazi kwa siku kadhaa, chini ya watu wazima wa kiume na wa kike waliokabidhiwa kazi hiyo. Waliigiza uvamizi wa mifugo. Walipewa mafumbo yaliyochorwa kwenye vijiti na mchangani, wakatakiwa kuyafumbua. Kisha wakakutanishwa na mbusya, yaani kifaru: umbo kubwa lililojengwa kwa miti, ndani yake mtu akinguruma kama mnyama wa kutisha. Kijana, asiyejua kilichomo, alitakiwa asikimbie, bali asogee na upinde wake alipige mshale.

Mbusya anastahili kutazamwa zaidi kidogo, kwa maana ndiye anayetajwa sana na watetezi wa vitisho. Hofu ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na mtunzi, na mtunzi huyo alikuwa mzee aliyejulikana kwa jina na ukoo, ambaye kesho yake angekutana na baba wa yule kijana penye pombe au barazani. Ilikuwa na jambo la kufundisha: kwamba kinachonguruma kinaweza kukabiliwa. Na zaidi ya yote, ilikuwa na mwisho. Aliyevuka alikuwa amevuka. Alikuwa miongoni mwa wanaoijua siri, na hakuna aliyeweza kumrudisha mwezi uliofuata ili atishwe tena kwa kuwa fulani amechoka na hana la kufanya. Mono hana hata moja kati ya haya. Anayemtisha ni mvulana aliyemzidi mwaka mmoja au miwili, asiyewajibika kwa yeyote. Fumbo halipo: balbu haizimwi kwa pumzi, na jibu sahihi halitafutwi, maana lengo ni kumwona akishindwa. Na mwisho haujulikani. Unaweza kuja baada ya muhula, baada ya mwaka, au pale tu atakapopatikana mwingine wa chini yake.

Hata baada ya nzaiko, Wakamba walikuwa na njia za kumpandisha mtu daraja ambazo watetezi wa bweni hawazitaji kamwe. Mwanamume aliyetaka kuingia katika ngazi za wazee, hadi kuketi kwenye nzama, baraza lao, alitoa mbuzi, na kwa ngazi za juu alitoa zaidi. Wazee wakala, naye akawa mwenzao. Kiingilio kilikuwa chakula cha pamoja. Kwenye mwethya, vikundi vya kazi vilivyolima mashamba na baadaye kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya Kitui na Makueni, mgeni alikubalika kwa kufika na jembe lake na kubaki mpaka jua litue. Ni vigumu kuutaja umoja wa Ukambani uliodumu kuliko mwethya, na haukuhitaji kumdhalilisha mtu mlangoni.

Msomaji makini atasema hapa kwamba ninaipaka nzaiko asali. Wasichana nao walikatwa, na ukeketaji huo, uliopigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, ulikuwa madhara matupu ambayo uwajibikaji wa wazee haukuyazuia. Wazee hao hao ndio waliousimamia. Pingamizi hili ni la haki, na sina nia ya kulikwepa. Linaonyesha kwamba kuwapo kwa mtu mzima hakutoshi kuifanya desturi iwe njema. Lakini haliwasaidii watetezi wa bweni hata kidogo. Kama desturi iliyosimamiwa na jamii nzima, yenye mafunzo na siku ya kumalizika, bado iliweza kuumiza kiasi hicho, tutarajie nini kwa ile iliyoachiwa wavulana wa miaka 16 gizani? Zaidi ya hayo, ukeketaji ulipingwa na hatimaye kupigwa marufuku kwa sababu ulikuwa na wenyewe: walijulikana, wakahojiwa, wengine wakashtakiwa. Uonevu wa shuleni hauna mwenyewe. Kila mtu aliukuta.

Aliukuta wapi, basi? Jibu linaanzia misheni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Ikutha mapema katika miaka ya 1890 na Mulango mwaka 1899. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianza kazi yao Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Misheni hiyo ya mwisho ilikuwa mmoja wa washirika waliozaa Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, shule ambayo Mbiti mwenyewe alipitia. Mtindo wa shule za aina hiyo ulitoka Uingereza. Kule, Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, aliwakabidhi wanafunzi wa darasa la juu nidhamu ya wenzao, na katika shule hizo wadogo waliwatumikia wakubwa, wakiwachotea maji na kuwapigia viatu rangi. Riwaya ya Thomas Hughes ya mwaka 1857 kuhusu Rugby inasimulia wazi ukatili uliozaliwa humo. Viranja, mabweni yenye majina na bendera, mkubwa kumtuma mdogo: vitu hivi vilikuja pamoja na kengele na ubao. Baada ya uhuru mwaka 1963, moyo wa mwethya uliingia katika Harambee, wito wa taifa wa kujenga kwa pamoja, na Wakamba wakawa miongoni mwa waliojenga shule kwa mikono yao kwa wingi. Shule ziliongezeka kuliko walimu. Palipokosekana mtu mzima wa kulala karibu na watoto, kiranja alijaza nafasi, na kile ambacho shule tajiri za Uingereza zilikifanya kwa kuamini, shule zetu zilikifanya kwa upungufu.

Bado lipo pingamizi la pili, lenye nguvu zaidi kuliko la mila: kwamba mateso ya pamoja hujenga undugu, na kwamba waliokuwa mono pamoja husaidiana mpaka uzeeni. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1959 wanasaikolojia wa Marekani Elliot Aronson na Judson Mills walichapisha jaribio lililowahusu wanafunzi wa kike 63. Baadhi yao walipitishwa kwenye kiingilio cha kuaibisha kabla ya kujiunga na kikundi cha mazungumzo, wengine kwenye kiingilio chepesi, na wengine hawakupitishwa popote. Wote wakasikilizishwa mazungumzo yale yale, yaliyotengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Walioaibishwa zaidi ndio waliosema kikundi kinavutia zaidi. Watetezi hulitaja jambo hili kama ushindi. Mimi nalisoma kinyume. Kikundi hakikuwa kizuri hata chembe. Kilichobadilika ni hukumu ya aliyeumizwa, ambaye ilimbidi ajieleze kwa nini alikubali. Haja ya kuwa miongoni mwa wenzako, ambayo kwa mtoto wa miaka 14 aliye mbali na kwao ni kubwa karibu kama njaa, humfanya aitetee bei aliyotozwa. Ndiyo sababu mono wa jana ndiye mtetezi wa leo. Amelipa, na anaona anadai, ila hawezi kumdai aliyemtoza; huyo amekwisha kuondoka na cheti chake. Atamdai anayekuja.

Undugu huo una upande ambao hausimuliwi kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani. Mwaka 1999, katika shule ya Nyeri High, viranja wanne waliokuwa wamelala walichomwa moto na wanafunzi wenzao. Shule inayompa kijana mamlaka juu ya miili ya wenzake humweka yeye pia hatarini. Serikali iliondoa kiboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya mwili na mateso ya akili. Hata hivyo mwaka 2017 Wizara ya Elimu ililazimika kuchunguza madai ya uonevu mkali wa wanafunzi wadogo pale pale Alliance. Sheria ilikuwa imemlenga mwalimu mwenye kiboko. Mvulana mwenye mshipi hakuwa machoni pake.

Hata hivyo mabadiliko ya mtaala yameleta nafasi ambayo hakuna aliyeipanga. Kidato cha kwanza cha mwisho cha mtaala wa zamani kiliingia Januari 2024. Mwaka 2025 hapakuwa na wageni kabisa; wale wa 2024 walikaa chini ya wote kwa miaka miwili, bila mtu wa kumdai. Januari 2026 wakapokea wanafunzi wa gredi ya 10, wenye mtaala mwingine. Shule ya Kitui au Makueni iliyotaka kuuvunja mnyororo haikuhitaji semina. Ilihitaji mtu mzima anayelala karibu na bweni katika majuma ya kwanza, kila mgeni akabidhiwe kwa mwalimu anayemjua kwa jina na kwa wazazi wake, na wakubwa waambiwe waziwazi kwamba deni lao limefutwa. Kidato hicho cha mwisho kitafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027 na kuondoka. Baada yao hakuna atakayebaki bwenini akikumbuka jinsi mono alivyopokelewa zamani, isipokuwa wale wa gredi ya 10 watakaokuwa wamefundishwa.