Kibali na Ridhaa: Maadili ya Utabibu katika Historia ya Kisangani

Anayesomea maadili ya utabibu katika ngazi ya uzamili huanza, kwa kawaida, na hati mbili: Kanuni ya Nuremberg ya mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964. Mwanafunzi wa Kisangani ana fundisho jingine lililo karibu zaidi, nalo ni historia ya mji wake.

Mwaka 1956, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, maabara ya tiba iliyoongozwa na daktari Mbelgiji Ghislain Courtois ilifungua kambi ya sokwe huko Lindi, nje ya mji. Walitumiwa kupima chanjo ya polio ya kumeza iitwayo CHAT, iliyotengenezwa Marekani na Hilary Koprowski. Mamia ya sokwe walikamatwa msituni, na wengi wao walikufa au waliuawa. Kisha, baina ya Februari na Aprili 1958, watu wapatao 215,000 walipewa chanjo hiyo katika bonde la Ruzizi. Waliitwa kwa ngoma, wakapanga mstari, wakatiliwa dawa kinywani.

Polio ililemaza watoto, na nia ya kuizuia ilikuwa njema. Wala jambo hili halikuwa la Kongo peke yake: mwaka 1950 Koprowski aliwapa chanjo yake ya kwanza watoto 20 wa taasisi ya wenye ulemavu wa akili jimboni New York. Hata hivyo, swali linabaki: nani aliulizwa?

Hapa lugha yenyewe inasaidia. Kiswahili hutofautisha kibali na ridhaa. Kibali hutolewa na mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka moyoni mwa mhusika, baada ya kuelewa. Hata neno chanjo linatokana na kuchanja, yaani kukata ngozi. Dawa ya kumeza haikati, na aliyeizoea sindano alihitaji kuelezwa kitu alichotiliwa kinywani ni nini. Kibali cha serikali ya kikoloni kilikuwapo. Lakini mtu aliyeitwa kwa ngoma chini ya utawala ule hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Miaka mingi baadaye, hasa kwa kitabu cha Edward Hooper cha mwaka 1999, ilidaiwa kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoleta UKIMWI. Sayansi ilikanusha. Mwaka 2000 vipimo vya akiba ya chanjo havikuonyesha virusi wala chembe za sokwe. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya ukoo mwingine, mbali na vile vya binadamu. Chanzo cha janga kilionekana kuwa kusini-mashariki mwa Kameruni, miongo kadhaa kabla ya Lindi.

Basi dai limeanguka, lakini swali la ridhaa halikuanguka pamoja nalo. Tendo lisiloleta madhara laweza bado kuwa na kasoro ya maadili. Na mahali watu wasipoulizwa, uvumi hupata mizizi. Stanleyville ya mwaka 1958 haikuwa na chuo kikuu. Kilianzishwa mwaka 1963. Leo Kisangani ina kitivo cha tiba. Ni wajibu wa wanaosoma humo kuhakikisha kwamba kila utafiti unatanguliwa na swali, katika lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na kwamba jibu la hapana linapokewa kwa heshima ileile.