Mwalimu: Neno Moja, Kazi Nyingi

Alama moja ya maandishi ya Kichina, isomwayo shi, hubeba maana za mwalimu, fundi mahiri na kikosi cha jeshi. Kiswahili nacho kina neno la aina hiyo, nalo ni mwalimu.

Asili yake ni mu'allim ya Kiarabu, yaani mwenye kufundisha. Waswahili waliichukua silabi ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, ndipo tukapata walimu na ualimu. Pwani, mwalimu alikuwa mfundishaji wa chuo cha Kurani. Pengine ndiye pia aliyemwandikia mgonjwa kombe. Baharini, kwa umbo la malimu, alikuwa mwongoza chombo. Rubani aliyepewa Vasco da Gama huko Malindi mwaka 1498, Mreno João de Barros alimwandika Malemo Cana. Cheo kikawa jina.

Hali hiyo ilijirudia kwa mzaliwa wa Butiama, mkoani Mara. Julius Nyerere (1922–1999) aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, lakini cheo hakikumwacha. Kutoka Nyakato, Musoma, hadi Unguja, ukitaja Mwalimu katika habari za siasa pasipo jina jingine, hueleweka kuwa ni yeye.

Kwa hiyo kamusi inayokomea kwenye "mtu afundishaye shuleni" humwacha nje baharia, mganga na kiongozi. Huacha pia fikra inayowaunganisha wote: ajuaye njia ana wajibu wa kuwaongoza wenziwe.