Jina la Merikebu, Jina la Skuli

Wahenga husema jina jema hung'ara gizani. Lipo jina moja lililotoka gizani hasa, katika tumbo la merikebu ya watumwa. Merikebu hiyo, iliyoitwa Phillis, ilitia nanga Boston mwaka 1761 ikiwa na mtoto wa kike kutoka Afrika Magharibi. Umri wake ulikisiwa kwa mapengo ya meno ya mbele: miaka saba au minane. Mfanyabiashara John Wheatley alimnunua ili amtumikie mkewe. Mtoto akaitwa kwa jina la chombo kilichomleta, na ubini akapewa wa bwana wake. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote.

Nyumbani humo alifundishwa kusoma, na haikupita miaka mingi akawa anatunga. Mwaka 1773 diwani yake ilichapishwa London, ikitanguliwa na waraka wa watu mashuhuri 18 wa Boston walioshuhudia kuwa beti zile ni zake; kwani wengi hawakusadiki kwamba mtumwa aweza kutunga. Baadaye aliachwa huru, lakini uhuru haukumpa riziki. Mwaka 1779 alitafuta wachangiaji wa diwani ya pili, wasipatikane wa kutosha. Alikufa fukara mwezi Disemba 1784.

Karne moja na zaidi ikapita, na jina lile likakaa juu ya mlango wa skuli ya msingi mtaani Tremé, mojawapo ya mitaa mikongwe ya watu weusi mjini New Orleans. Jengo la Skuli ya Phillis Wheatley lililosanifiwa na Charles Colbert lilikamilika mwaka 1955. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuuharamisha ubaguzi wa skuli mwaka 1954, lakini mjini humo watoto weusi na weupe walikuwa bado wakisomeshwa mbalimbali. Kiwanja kilikuwa finyu. Colbert akayainua madarasa juu, yakishikwa na mihimili ya chuma, ili chini yake ubaki uwanja wa kuchezea wenye kivuli. Hivyo watoto waliotengwa wakapata jengo lililosifiwa na wasanifu wa mbali.

Mwaka 2005 Kimbunga Katrina kiliugharikisha mji, na jengo likafungwa. Wapo waliopigania lihifadhiwe, wapo waliotaka skuli mpya. Mwaka 2011 likabomolewa. Jengo jingine lilipoinuka pale pale, lilirithi jina lile lile.

Lakini jina peke yake halitoshi. Mwanzoni lilikuwa alama ya kumilikiwa. Mwenyewe ndiye aliyeligeuza kwa beti likawa lake. Skuli yenye jina la mshairi ina deni lisilolipika kwa kibao cha mlangoni. Diwani ya pili imepotea, na jengo la kivuli halipo tena. Diwani ya kwanza ingalipo, na mtoto wa Tremé aweza kuifungua akaisoma.