Mwendo wa Hadithi Akilini

Mwendo wa hadithi akilini ni safari ambayo msikilizaji huifuata kichwani anaposimuliwa kisa: nani anakwenda, wapi, kwa mwendo gani. Mwaka 1987 Morrow, Greenspan na Bower, watafiti wa Marekani, waliwakaririsha watu wazima ramani ya jengo, kisha wakawapa kisa cha mtu anayehama chumba hadi chumba. Vitu vilivyokuwa karibu na mhusika viliwajia haraka kuliko vya mbali.

Kwa watoto, utafiti mtamu zaidi ni wa Fecica na O'Neill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada (2010). Watoto ambao hawajaanza kusoma walisikiliza hadithi sentensi moja moja, kila mmoja akibonyeza kitufe akiwa tayari kuendelea. Mhusika akienda kwa miguu, walikawia. Akipanda gari, walienda mbio. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Kirando, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, mwendo huu wa akilini una sura yake. Mji uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, iko karibu mita 1,800. Msimulizi akisema mtu kapandisha mlima kutoka Kirando hadi mji wa Namanyere na gunia la dagaa kichwani, hana haja ya kutaja jasho wala mapumziko ya njiani: anayeujua mlima ule anajaza mwenyewe. Asiyeujua husikia jina la mji tu.

Pia msikilizaji huchagua pa kusimama ndani ya hadithi. Mwaka 2000 watafiti Rall na Harris walionyesha kuwa hata watoto wa miaka mitatu na minne, wakirudia hadithi, hugeuza "akaenda" kuwa "akaja" pale mhusika wanayemfuata yuko ndani naye mwingine anaingia humo.

Simulizi ya Milansi, makao ya kale ya utawala wa Ufipa, inaonyesha uzito wa uchaguzi huo. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliichambua mwaka 1967: wanawake wageni wanafika kutoka mbali mfalme akiwa hayupo, na utawala unahamia kwao, ukoo wa Watwa. Msimulizi akisema "wakaja Milansi", msikilizaji amekaa nyumbani na wenyeji, anawaona wageni wakikaribia. Akisema "wakaenda Milansi", yuko njiani nao, na kiti cha mfalme bado kiko mbele.