Mguu wa Grant, mguu wa Hanger, na mguu unaohisi

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, wadau. Nina historia, na inaanzia Karagwe.

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika. Speke na chanzo cha Nile tumekaririshwa sote shuleni. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda akamwacha mwenzake kwa Rumanyika. Sababu? Mguu. Ulivimba, ukakakamaa, ukawa unatoa majimaji. Grant alikaa miezi kadhaa hawezi kutembea, na Aprili alipoondoka Karagwe alibebwa kwa machela. Madaktari wa zama zetu waliosoma maelezo yake wanasema inaelekea kilikuwa kidonda cha Buruli, ugonjwa uliokuja kupewa jina la eneo moja la Uganda. Bahati yake, hakukatwa.

Mwaka huohuo wa 1861, Marekani walikuwa wameanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Juni kijana wa miaka 18, James Hanger, alipigwa na mzinga akakatwa mguu. Aliporudi kwao akajichongea mguu wa mbao wenye goti linalokunja, kisha akaanzisha kampuni ambayo jina lake linatumika hadi leo.

Vita ileile ilimpa Dk. Silas Weir Mitchell wa Philadelphia wagonjwa wengi waliokatwa viungo. Walimweleza jambo la ajabu: mguu haupo, lakini vidole vyake vinawasha, vinauma, vinajikunja. Mwaka 1871 Mitchell akaviita viungo hivyo mizuka.

Kwangu mimi mzuka huo ndio moyo wa habari hii. Mguu usiokuwepo ukiendelea kusikika, maana yake ni kwamba mshipa wa fahamu uliokatwa bado uko hai kwenye kigutu, na ubongo bado unasubiri habari kutoka kwake. Hanger alitengeneza mguu wa kusimamia. Swali lililobaki lilikuwa: nani ataupa mguu habari za kupeleka?

Utasema, hisia za nini, si mtu anatembea tu? Jaribu hivi. Fumba macho, inua mguu wako. Unajua ulipo bila kuuangalia. Mwenye mguu wa bandia hana habari hiyo. Anategemea mgandamizo kwenye kigutu, na macho yake. Sasa mpeleke Kyerwa, kwenye mteremko wa shamba la migomba, mvua imenyesha, jua limezama, ndoo iko kichwani. Macho yafanye kazi ya kuona njia au ya kuulinda mguu?

Jibu la kwanza lililonivutia halikuwa na umeme wowote. Mwaka 1917 daktari Mjerumani, Hermann Krukenberg, alieleza upasuaji wa kuitenganisha mifupa miwili ya kigutu cha mkono ikawa kama koleo. Haupendezi kuutazama. Lakini koleo hilo limevikwa ngozi ya mtu mwenyewe, kwa hiyo linahisi. Hata kipofu aliyepoteza mikono yote miwili anaweza kujua ameshika nini.

Umeme ulikuja baadaye sana. Mwaka 2012, uleule ambao Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya, timu ya Dustin Tyler huko Cleveland, Marekani, ilizungushia elektrodi mishipa ya fahamu ya mtu aliyekatwa mkono. Mwanzoni alisikia ganzi ya kuchomachoma tu. Walipobadilisha mpangilio wa mapigo ya umeme, akahisi mguso halisi. Mwaka 2014 walieleza jinsi alivyoweza kunyofoa vikonyo vya matunda ya cheri bila kuyaponda.

Kwa miguu, Hugh Herr wa MIT, ambaye mwenyewe alikatwa miguu yote miwili, na wenzake walianza na kisu cha daktari. Kwa kawaida, mguu ukikatwa, misuli inayovutana hutenganishwa. Wao, kuanzia 2016, waliiunganisha tena ndani ya kigutu, mmoja ukijikunja mwingine unanyooka, na ubongo unapata habari. Mwaka 2024 walilinganisha watu 7 waliofanyiwa hivyo na 7 waliokatwa kwa njia ya kawaida, wote wakiwa na mguu wa umeme. Kasi ya juu ya kutembea ya wale wa kwanza ilizidi kwa asilimia 41.

Mguu ule wa umeme sitegemei kuuona Kayanga wala Rubwera karibuni. Tunacho chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, lakini Moshi na Murongo ni ncha mbili za nchi.

Hata hivyo, Krukenberg na Herr wanakubaliana katika jambo moja: hisia hutegemea sana kisu cha daktari. Hapo anahitajika daktari aliyefundishwa na muda wa kutosha, si kompyuta. Sisi tukizungumzia walemavu tunauliza wamepewa mguu gani. Nadhani tuanze kuuliza na walikatwaje.